Eti sura yangu ndiyo inayoua wagonjwa! Semina ya kuwawezesha wauguzi imenivuruga

Nesi_Wodi_ya_Wanaume

Wakuu, natetemeka hapa nilipo, makosa ya uandishi mnivumilie.

Yule mwezeshaji mnamjua. Yule yule wa suti ya kung'aa na viatu vilivyochongoka, anayezunguka hospitali zote za mkoa na projekta yake. Jina la nini? Leo ilikuwa zamu yetu. Mada ukutani: "Muuguzi Aliyewezeshwa Ni Muuguzi Mwenye Furaha." Nimetoka zamu ya usiku, sijaoga, chai sijaionja, inchaji wa wodi anasema asiyehudhuria aandike barua ya kujieleza. Nikaenda.

Akauliza, nani anaipenda kazi yake, anyooshe mkono. Sikunyoosha. Usiku kucha nilikuwa peke yangu na wodi nzima, wengine wamelala chini, dripu nimeifunga kwenye nondo ya dirisha, glavu zimeisha saa nane, alfajiri mgonjwa kafariki na ndugu zake nusura wanikabe koo. Ninyooshe mkono upi?

Akanifuata mpaka kwenye kiti, akanishika bega, akawageukia wenzangu: "Mnaiona sura hii? Sura kama hii ndiyo inayoua wagonjwa."

SURA. YANGU. INAUA. WAGONJWA.

Ukumbi ukaangua kicheko. Metroni, mkuu wetu wa wauguzi, alicheka mpaka akajifuta machozi. Wallahi sura yangu ingekuwa na nguvu hiyo, yule bwana asingefika mlangoni akiwa hai!

Kisha tukasimamishwa wote, tupige kelele: "Mimi ninaweza! Mimi nina nguvu!" Nguvu ipi? Ya kukataa kuunganishiwa zamu sina. Ya kuagiza hata boksi moja la glavu sina. Nikisema asubuhi kwamba mgonjwa wa pembeni amebadilika, intani, daktari wa mafunzo aliyeripoti juzi, ananijibu, "Sista, lete faili." Kila Mei 12, Siku ya Wauguzi, tunawashiwa mishumaa na kuitwa malaika, leo nimekuwa muuaji.

Na narudia: alinishika BEGA. Mbele ya wanafunzi wa fildi ambao kesho mimi ndiye nawasimamia!

Mzee_wa_Kijiwe
Uzi bila picha haujakamilika. Tupia hiyo sura tuamue.

Bint_Sindano
Pole sana dada yangu. Kwetu alikuja mwezi uliopita. Alitulazimisha tukumbatiane, nikakumbatishwa na yule aliyenichongea kwa metroni. Hadi leo sijapona.

Mgonjwa_Mstaafu
Ngoja nami niseme. Nilimpeleka mke wangu kujifungua, nesi akamwambia "wakati unaitafuta hiyo mimba mimi nilikuwepo?" Mimi huyo mwezeshaji namuunga mkono asilimia mia. Sura zenu tunazijua.

Nesi_Wodi_ya_Wanaume
Mgonjwa_Mstaafu, aliyemtukana mkeo alikosea, ashtakiwe Baraza la Uuguzi na Ukunga. Lakini siyo mimi! Mimi nilikaa kimya kwenye kiti changu nikaitwa muuaji!

Kitabu_Mkononi
Wanaharibu jambo zuri, huo uwezeshaji. Rosabeth Moss Kanter, msomi wa Marekani wa mambo ya kazini, aliandika tangu 1977 kwamba mfanyakazi anapata nguvu kazini akiwa na taarifa, msaada, vitendea kazi na nafasi ya kupanda. Heather Laschinger, mtafiti wa uuguzi kule Kanada, akalipima hilo kwa wauguzi, akaona wenye vitu hivyo ndio wanaoridhika na kazi. Hakuna aliyeandika habari za kupigishwa kelele ukumbini.

Nesi_Wodi_ya_Wanaume
Asante mkuu! Haya, hesabuni wenyewe. Taarifa: ratiba ya zamu inabandikwa usiku wa kuamkia zamu yenyewe. Msaada: metroni ndiye aliyecheka kuliko wote. Vitendea kazi nimeshasema. Kupanda: ruhusa yangu ya kwenda kusoma imelala mezani kwa mtu mpaka karatasi imebadilika rangi. Halafu mtu anakuja kunikagua SURA!

Mzee_wa_Kijiwe
Picha bado tunasubiri.

Jirani_wa_Nairobi
Poleni majirani. Huku 2017 wauguzi wa kaunti waligoma kama miezi mitano, wodi zikafungwa. Nyinyi mnagombana na mtu wa projekta?

Bint_Sindano
Jirani, huku ukitaja kugoma kabla hujamaliza neno barua ya uhamisho imeshachapwa.

Dokta_Kalamu
Nimesoma hapo "intani aliyeripoti juzi." Na sisi tuseme? Intani anakaa zamu mpaka anasahau jina lake, nesi anamfokea mbele ya mgonjwa, posho yenyewe inachelewa. Hakuna aliyewahi kutuletea semina hata ya kutudhihaki.

Bint_Sindano
Dokta anzisha uzi wako.

Mwl_Chaki
Nyie mna bahati kuna projekta. Sisi walimu semina ya uwezeshaji tulikalia madawati ya darasa la kwanza, magoti yamefika kidevuni, tukapewa soda ya moto na andazi moja.

Bint_Sindano
Andazi? Sisi tuliandikiwa chai kwenye ratiba, ikanywewa na viongozi.

Mhasibu_Kimya
Mlisaini karatasi ya mahudhurio ngapi? Kama ni mbili, ya pili ilikuwa ya posho.

Bint_Sindano
Mbili!!! Mungu wangu, tulisaini mbili!

Nesi_Wodi_ya_Wanaume
Na sisi mbili. Lakini jamani, turudi kwenye mada. Mtu mzima amenishika bega akaniambia nina sura ya kuua, na kesho saa moja naingia zamu na wanafunzi wale wale waliocheka.

Mwl_Chaki
Sisi tulipewa elfu kumi ya nauli.

Bint_Sindano
Mwalimu, elfu kumi mkononi au kwenye simu?

Mwl_Chaki
Kwenye simu. Makato juu yako.