Tangi la maji chumvi lita 240: mwani wa nywele na utando mwekundu, lakini fosfeti inasoma sifuri

Mkazi_Kigamboni
Wakuu habari zenu. Tangi ni la sentimita 120 × 45 × 45, lina miezi saba. Ukitoa mawe na mchanga, maji yenyewe ni kama lita 200. Wamo Amphiprion (samaki wa rangi wanaoishi kwenye anemoni) wawili, samaki kangaja mdogo mmoja na matumbawe laini. Kila Jumamosi nabadilisha lita 40. Vipimo vya leo: chumvi 1.027 (uzito wa maji ukilinganisha na maji baridi), joto nyuzi 29, amonia 0, naitreti 40, fosfeti 0 (hizi mbili ni chakula cha mwani, zinasomwa kwa miligramu kwa lita). Taa inawaka saa 11 kwa siku. Nina kanista (chujio la nje) yenye sponji, na skima (kifaa kinachotoa uchafu kwa povu). Kwa sababu ya feni, maji yanapungua lita 3 kila siku, najazia ya kisima.

Mawe yameota mwani wa kijani mrefu kama nywele, na mchanga umefunikwa na utando mwekundu. Kama fosfeti ni sifuri, huu mwani unakula nini? Nimeshauriwa niweke erythromycin (antibiotiki) kwa ajili ya ule utando. Niweke?

FundiSkima
Usiweke, mkuu. Kipimo kinakuonyesha kilichobaki majini baada ya mwani kula, si kile kilichoingia. Fosfeti yako imo ndani ya hizo nywele, na nyingine imenata kwenye mawe. Mawe ya chokaa huishika fosfeti, kisha huiachia kidogo kidogo maji yakipungukiwa. Ndiyo maana usikimbilie kuweka chembe za oksidi ya chuma (zinazonasa fosfeti majini) sasa hivi, utawanyima matumbawe huku mwani ukiendelea kunyonya mawe.

Hesabu ya naitreti ndiyo muhimu zaidi. Kubadilisha lita 40 kati ya 200 ni asilimia 20, kwa hiyo 40 inashuka hadi 32. Kama chakula na maji ya kujazia vinaongeza 8 kwa wiki, Jumamosi ijayo uko palepale 40, hata ubadilishe mwaka mzima. Ukipandisha hadi lita 60, itatulia karibu na 27 tu. Lazima upunguze kinachoingia.

Anza na sponji ya kanista. Kinyesi na mabaki ya chakula vinaozea humo, na maji yote ya tangi yanapita juu yake. Ioshe kila baada ya siku tatu kwa maji uliyoyatoa tangini, au iondoe kabisa kama mawe yanatosha kuchuja. Chakula cha kugandishwa kiyeyushe kwenye chujio dogo, umwage ule mchuzi, kisha ulishe samaki. Taa ishuke hadi saa 8.

Nywele zing'oe kwa mkono huku mpira wa kufyonza ukiwa karibu na vidole vyako. Jiwe linalotoka litoe, lisugue kwa mswaki ndani ya ndoo ya maji ya tangi, suuza, rudisha. Ukisugua ndani ya tangi vipande vinasambaa na kuota kwingine.

Maji_Mafu
Kuhusu utando mwekundu, hakikisha kwanza ni kitu gani. Ukibanduka kama ngozi, ni sayanobakteria (bakteria wanaoishi kwa mwanga kama mwani). Ukiwa na nyuzi kama kamasi zenye viputo na usiku unapungua sana, shuku dinoflajeleti (vijiumbe vya seli moja). Vuta kidogo kwa bomba la sindano, weka kwenye chupa angavu, tikisa hadi usambaratike, chuja kwa karatasi laini, kisha acha maji yaliyochujwa kwenye mwanga kwa saa moja. Nyuzi zikijisuka upya ni dinoflajeleti. Hao hustawi naitreti na fosfeti zikiwa chini mno, na dawa yao ni kinyume na unayopewa hapa, kwa hiyo usiruke jaribio hili la chupa.

Erythromycin inaua bakteria, na chujio lako ni bakteria. Amonia inaweza kupanda. Pia utando ukifa wote kwa mkupuo, uozo wake unakula oksijeni, na maji ya nyuzi 29 tayari yanabeba oksijeni kidogo. Ufyonze kila siku mbili na uelekeze pampu pale mchanga ulipotulia.

Mkazi_Kigamboni
Asanteni sana. Nimefanya jaribio la chupa, hakuna nyuzi. Nimepima na kisima: naitreti 20. Maji ya kubadilisha nateka baharini.

FundiSkima
Basi mlango mmoja umeuona. Lita 3 kwa siku ni lita 90 kwa mwezi. Mara 20 ni miligramu 1,800, ukigawa kwa lita 200 unapata 9. Maji yanapaa, naitreti inabaki. Jazia maji ya RO (yaliyosukumwa kupitia utando wa kuchuja) yaliyopita kwenye resini ya DI (inayoondoa madini yaliyobaki), kipimo cha TDS (jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini) kisome 0. Na usijazie maji chumvi hata siku moja, chumvi itapanda tu.

Maji_Mafu
Ya baharini teka maji yakijaa, siku za maji mafu (bahari inapojaa na kupwa kidogo), kwa sababu bamvu (inapojaa na kupwa sana) huvuruga tope. Kaa mbali na mdomo wa mto Msimbazi na midomo ya mito mingine, na mvua za masika zikinyesha acha kabisa kwa siku kadhaa. Madumu yawe ya chakula, si ya mafuta. Pitisha kwenye kitambaa kizito, pima chumvi, naitreti na fosfeti kabla ya kumimina.

Konokono ongeza baadaye, nywele zikiwa fupi, ndefu hawazigusi. Samaki tasi anakula mwani vizuri lakini anazidi sentimita 30, tangi hili halimtoshi. Jipe wiki sita hadi nane. Naitreti ikifika kati ya 5 na 10, pima fosfeti tena: ikianza kusomeka 0.03 hadi 0.1 huku mawe yakiwa safi, usiishushe.