Mchumba wa imeli na kifurushi "kilichokwama Luano": nimwonyeshe mteja nini?

sekretariati_kamalondo
Jambo bandugu. Kwenye sekretariati tunachapa na kuskani karatasi za watu, na barua za namna moja zimezidi. Mzungu anajiita injinia wa mafuta baharini au mwanajeshi wa Marekani, mjane, ana mtoto mmoja. Wiki ya tatu tayari anamwita mama wa watu "mke wangu". Halafu kinakuja kifurushi: telefone, dhahabu, kisanduku cha dola. Halafu "ajenti" anaandika kwamba kimezuiliwa Luano (uwanja wa ndege wa Lubumbashi), dola 1450 ziingie Airtel Money leo kabla ya saa kumi.

Mteja anakuja kuchapa barua hiyo ili ndugu zake wamkopeshe. Ukimwambia "mama, huyu ni mwizi", anakasirika, anahamia kwa jirani. Natafuta vitu vya kupima ambavyo yeye mwenyewe ataviona kwa macho, kwa dakika 10, kabla franga (pesa) hazijatoka. Na kama zimeshatoka, je?

duwane_kasumbalesa
Acha mapenzi pembeni, shika karatasi. Barua hizo huwa zimeshamtayarisha: "watu watakuonea wivu, watasema mimi ni tapeli." Ukimkanya, unakuwa yule mtu aliyetabiriwa. Namba ya mzigo haina wivu na mtu.

LTA, yaani namba ya hati ya mzigo wa ndege, ina tarakimu 11. Tatu za kwanza ni za kampuni: 071 ni Ethiopian, 706 ni Kenya Airways. Katika nane zinazobaki, chukua saba za mwanzo, gawa kwa 7. Kinachobaki ndicho lazima kiwe tarakimu ya nane. Mfano barua inasema 071-48201353. Chukua 4820135. Saba mara 688590 ni 4820130, inabaki 5. Wao wameandika 3. Namba imetungwa. Na kwa kuwa baki la 7 halivuki 6, LTA inayoishia na 7, 8 au 9 haihitaji hata kalkuleta. Mpe mama kalkuleta, apige hesabu mwenyewe, wewe nyamaza.

Hesabu ikikubali, bado. Wanaweza kuwa wamenakili LTA ya mzigo wa mtu mwingine. Aiandike kwenye tovuti ya kampuni ya ndege yenyewe, asibonyeze linki ya ndani ya imeli. Matapeli hutengeneza tovuti nzima ya "usafirishaji", kifurushi kinatembea kwenye ramani hadi Addis Ababa, kinakwama siku wanayotaka wao.

Kuhusu duwane (forodha): ushuru wa DGDA, idara ya forodha ya Kongo, unaandikwa kwenye bulletin de liquidation (hati ya hesabu ya ushuru) na unalipwa banki, si kwenye namba ya telefone ya mtu. "Cheti cha kupinga ugaidi" wanachodai, hakuna duwane inayokiuza. Na dola za noti hazisafiri kwa kurye. DHL, kwa mfano, imekataza kabisa noti ndani ya kifurushi.

Akilipa 1450, kesho yake litakuja jina la ada nyingine, kubwa zaidi. Malipo ya kwanza yanawaonyesha tu kwamba mtu huyu hulipa.

waya_na_meli
Upande wa imeli. Kwenye aplikesheni ya telefone hutaona yote. Fungua Gmail kwenye kompyuta, ingia kwenye barua, bonyeza nukta tatu kulia, chagua "Afficher l'original" (onyesha barua ya asili). Angalia mistari ya From (anayesema ametuma) na Reply-To (jibu linakokwenda). Kama From inasema anwani ya ofisi na Reply-To inasema Gmail au Outlook ya mtu, basi jibu la mama haliendi kwenye ofisi ile hata siku moja.

Jina la anwani lisome kuanzia kulia. Katika *un.org.ruhusa-mission.com* mwenye nyumba ni ruhusa-mission.com, hiyo un.org mbele ni pambo tu. Wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa huandika kwa @un.org au anwani ya shirika lao, kama @unicef.org, jeshi la Marekani linaishia na .mil. Atasema "usalama wa kambi haunipi ruhusa ya kutumia imeli ya kazi". Sawa, lakini mwanajeshi halipiwi likizo yake na mchumba, wala chakula, wala ndege ya kurudi. Jeshi lake ndilo linalolipa.

Ukurasa huohuo unaonyesha SPF, DKIM na DMARC, vipimo vitatu vya kama barua imetoka kweli kwenye anwani inayoitaja. Ikiandikwa FAIL (imeshindwa) kwenye jina la ofisi kubwa, uwezekano mkubwa ni kwamba anwani imeghushiwa.

yaya_wa_katuba
Niongeze hapo, maana watu watakosea: PASS (imepita) haimaanishi mtu mwaminifu. Tapeli aliyefungua Gmail yake mwenyewe atapata PASS zote tatu. Inathibitisha tu kwamba barua imetoka Gmail kweli.

Na msisahau maandishi. Barua nyingi zimegeuzwa na mashine kutoka Kiingereza, kwa hiyo Kifaransa chake kinaruka kutoka "tu" (wewe wa kirafiki) kwenda "vous" (wewe wa heshima) ndani ya aya moja, au mwanamume anajiandika "je suis contente", kama mwanamke. Chukua sentensi moja ndefu, iweke ndani ya alama za kunukuu kwenye Google. Barua ileile ya mapenzi mara nyingine inatokea imetumwa kwa wanawake kumi, jina tu limebadilishwa. Nimeona mama mmoja ananyamaza hapo, bila mtu kumwambia neno.

Picha: kata uso peke yake, utafute kwa Google Lens, kisha TinEye, kisha Yandex. Isipotokea, igeuze kushoto-kulia, utafute tena, kwani huigeuza makusudi. Shati la kiume vifungo hukaa upande wa kulia wa mvaaji. Vikihamia kushoto, shuku picha.

sekretariati_kamalondo
Asante yaya. Na wakipiga video?

waya_na_meli
Amwombe ageuze uso pembeni kabisa, apitishe kiganja polepole mbele ya pua. Uso wa bandia hapo mara nyingi hutetemeka au kukatika. Video iliyorekodiwa haiwezi kutii. Atasema "netwaki mbaya", atakata.

duwane_kasumbalesa
Kama franga zimeshatoka, ni mbio. Western Union: shika namba ya MTCN (ya kufuatilia malipo, tarakimu 10); kama pesa bado haijachukuliwa, aliyetuma anaweza kusimamisha. Ikishachukuliwa, kwisha. Airtel Money, M-Pesa au Orange Money: apige huduma ya wateja kutoka namba ileile iliyolipa, akiwa na kitambulisho cha muamala kilicho kwenye SMS. USDT (dola za kidijitali) ikishatumwa, kwa kawaida hakuna wa kuirudisha.

Asifute imeli hata moja. Kwenye "Afficher l'original" kuna kitufe cha kupakua barua yote. Faili hilo ndilo la kupeleka kwa OPJ (polisi wa upelelezi) au parquet (ofisi ya mwendesha mashtaka), karatasi iliyochapwa peke yake haionyeshi njia barua iliyopita. Utapeli uko kwenye kifungu cha 98 cha sheria ya adhabu, na kuna Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023. Kama alituma picha ya kadi ya uchaguzi, aulize kampuni za simu kama kuna laini nyingine kwa jina lake. Kama alitoa ile kodi (namba ya siri) ya tarakimu 6 ya WhatsApp, ajiandikishe upya mara moja ili mwingine atolewe.

Kama waliomba tu "tumia hesabu yako ya banki kupokea franga za rafiki yangu kisha uzipeleke mbele", na akakubali, hapo mama anaweza kuhesabiwa mshiriki mbele ya sheria, si mwibiwa tu. Aache leo, aone avoka (wakili) kabla ya kuzigusa.

Baada ya wiki chache atapata imeli ya "Interpol" au ya avoka wa Paris: feza zimepatikana, lipa 300 za faili. Ni walewale, au wameuziana orodha ya waliolipa. Interpol haiandikii watu binafsi kuomba malipo. Mwambie hilo siku ileile anapotoka kwako, kwa sababu siku barua ile itakapofika hatapita sekretariati.