Msaada: mifuko ya suti kavu niibandike wapi pajani?

Mbizi_Nungwi
Wakuu salaam. Mimi nilijifunza kupiga mbizi Nungwi, maji ya nyuzi 27, suti nyepesi ya milimita 3 na kaptula ya mifuko juu yake, basi. Sasa niko Scotland mwaka wa pili. Nimepata suti kavu ya mtumba (ile isiyopitisha maji, yenye hewa ndani), ya kitambaa cha tabaka tatu, nzima kabisa ila haina hata mfuko mmoja. Mwezi wa tisa tunakwenda Scapa Flow, Orkney, kwenye manowari za Wajerumani zilizozamishwa na mabaharia wao wenyewe tarehe 21 Juni 1919. Nahodha anataka kila mtu ashuke na boya lake, lile la kujaza hewa ili boti ione ulipo, na rili yake ya kamba.

Wiki iliyopita niliazima suti yenye mfuko mmoja karibu na goti. Tuko mita 6, tunasubiri zile dakika 3 za usalama kabla ya kupanda juu, nikataka kutoa boya. Vidole vikagusa kifuniko vikaishia hapo. Nikakunja mguu ili mfuko unisogelee, hewa ya ndani ya suti ikakimbilia unyayoni, nikaanza kupanda miguu juu. Mwenzangu ndiye aliyenidaka pezi. Sitaki kurudia hali ile.

Nina mifuko miwili: mmoja bapa wa neopreni (mpira laini wa suti za mbizi), mwingine wa kitambaa kigumu unaotanuka pembeni. Nichague upi, na uwe sentimita ngapi juu ya goti?

Binti_Mtwapa
Pole sana kaka, na mshukuru huyo mwenzako. Mimi napiga mbizi Bergen, Norway, suti kavu mwaka mzima, na mfuko wangu wa kwanza nao ulibandikwa chini mno.

Achana na sentimita juu ya goti. Goti halikusaidii kitu, kinachoamua ni mkono wako. Vaa kila kitu: nguo nene za ndani, suti, mikanda, mtungi mgongoni, glovu zile zile za baridi. Nguo za ndani peke yake zinakupunguzia urefu wa mkono, maana bega halishuki kama ukiwa na fulana. Kisha lala kifudifudi kwenye benchi, magoti umeyakunja kidogo kama unavyoelea majini. Peleka mkono pajani bila kujipinda. Pale ncha za vidole zinapofika ndipo pawe sakafu ya mfuko, siyo mdomo wake. Mwambie mtu apige alama ya chaki.

Halafu usiuweke mbele kabisa ya paja, utakubana ukipanda ngazi ya boti. Wala usiuzungushe nje moja kwa moja, utakwaruza vyuma vya meli na kunasa. Kati ya hapo, ukiegemea nje kidogo.

Chagua ule wa kutanuka. Ule bapa ukishaingiza boya na rili unavimba na kukaza, na mkono wenye glovu haupiti tena.

Kaka_Mkubwa_Leeds
Naunga mkono, ila nitetee ule bapa kidogo. Barakoa ya akiba na daftari la kuandikia majini vinakaa humo vizuri bila kucheza. Mimi nina yote miwili: wa kutanuka kulia, bapa kushoto. Mtungi wa pembeni huning'inia kushoto, kwa hiyo kitu cha kukimbilia kiwe kulia. Kifuniko kiwe cha velkro chenye ulimi mrefu wa kushika. Zipu inakula chumvi na mchanga, siku unayoihitaji imeganda.

Fundi_Gundi
Nimefanya kazi karakana ya suti miaka 4, sikiliza hili, mdogo wangu: USISHONE. Kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Bandika kwa gundi inayotengenezewa suti za namna hiyo, na ufuate muda wa kukauka ulioandikwa kwenye kopo, usiuibie hata saa moja. Ingiza ubao laini ndani ya mguu wa suti ili kitambaa kitulie, sugua taratibu kwa msasa laini pande zote mbili, futa kwa spiriti. Pembe za mfuko zikate mviringo, kona kali ndiyo inayoanza kubanduka. Baadaye jaza suti hewa, paka maji ya sabuni, tafuta mapovu.

Hakikisha mfuko una matundu chini ya kutolea maji, la sivyo utapanda botini na lita mbili pajani. Na ndani kuwe na kitanzi cha lastiki cha kufungia kila kitu. Ukivuta boya bila kitanzi, rili inatoka nayo na kuzama.

Mbizi_Nungwi
Asanteni sana, dada na kaka zangu. Jana usiku nimefanya kama Binti_Mtwapa alivyosema, nimelala kwenye benchi la jikoni na mtungi mgongoni, mke wangu kashika chaki. Kabla ya hapo nilikuwa nimeweka alama yangu nikiwa nimesimama na suruali ya kawaida. Alama ya mke wangu iko sentimita 9 juu ya ile yangu.

Mfuko wa kutanuka unakwenda kulia. Kitanzi nimekishonea ndani ya mfuko wenyewe kabla ya gundi, sindano haijagusa suti. Kesho naingiza ubao. Fundi_Gundi, swali moja tu limebaki: sehemu ya paja ina mshono wa suti uliofunikwa utepe, na alama ya chaki imepita juu yake. Nibandike juu ya utepe au nisogeze?

Fundi_Gundi
Sogeza nje sentimita 2, utepe usiuguse. Urefu ubaki pale pale penye chaki.