Walimu wa muziki: laptopu moja, watoto zaidi ya 60, bando ni yangu. Nianzie wapi?

mwalimu_kayole

Wadau hamjambo. Mimi nafundisha JSS (sekondari ya chini) huku Kayole, Nairobi, somo linaitwa Creative Arts and Sports lakini moyo wangu uko kwa muziki, nimesomea sauti na rekoda (ile filimbi ya shule), solfa (do re mi) naisoma kama gazeti, nikipewa kwaya sina wasiwasi. Sasa shule imepata projekta moja na laptopu moja na mwalimu mkuu anataka mambo ya kidijitali yaonekane kwa somo langu muhula huu. Waifai iko ofisini tu, darasani haifiki, kwa hivyo data ni ya simu yangu. Gredi ya 8 iko na watoto zaidi ya 60 kwa darasa moja.

Nimetafuta huko mtandaoni nikapata apu mingi sana, nyingi zinataka kila mtoto awe na tableti yake na akaunti yake, na hiyo kwetu haiwezekani. Alafu mifano yote ni piano na gitaa. Mimi saa hii nafundisha midundo ya isukuti, ile densi ya ngoma ya magharibi mwa Kenya, na niko na ngoma moja tu, na penye watoto wanakwama ni pale ngoma ndogo na ngoma kubwa zinapishana. Nikigawa darasa wapige makofi, kundi moja linavutwa na lile lenye kelele zaidi mpaka wote wanaishia kupiga kitu kimoja. Nikiandika ubaoni wanasoma vizuri kabisa, lakini mkono unakataa.

Naomba mniambie kile mmetumia wenyewe darasani. Laptopu moja itoshe, na kama inaweza kwenda bila data ni vizuri zaidi. Na pia mniambie ukweli, hivi vitu vinasaidia mtoto asikie muziki ama ni vya kuonyesha mgeni akikuja?

---

mama_rekoda

Karibu mwalimu. Vinasaidia, ila inategemea umechukua gani. Mimi ningekuambia uwachane na orodha zote uchukue Chrome Music Lab peke yake kwanza, iko tangu 2016, ni ya bure, haitaki akaunti, unafungua kwa brauza na kazi inaanza. Ndani kuna vitu kadhaa lakini kile nakitumia kila wiki ni Song Maker. Ni miraba tu kwa skrini, unagusa mraba sauti inatoka, juu ni melodi na chini kuna mistari miwili ya ngoma. Sasa wengi wanaifungua wanaona piga nne nne wanafikiri ndio basi. Ingia kwa setingi, kuna mahali pa kuchagua kila pigo ligawanywe mara ngapi, weka tatu. Hapo ndio midundo yetu inakaa, kama hiyo isukuti unafundisha inahesabiwa kwa tatu tatu. Kwa ngoma chagua konga, angalau inakaribia.

Lakini kwa shida yako hasa, ya ngoma kupishana, kuna nyingine inaitwa Groove Pizza, ya wale watu wa maabara ya muziki ya New York University. Ni duara limekatwa vipande, unaweka vipande 12, na iko na pete tatu, kila pete sauti yake. Isukuti si ni ngoma tatu? Basi ngoma kubwa pete moja, ya katikati pete moja, ndogo pete moja. Mtoto akiona duara anaelewa kitu ambacho ubao haumwonyeshi, kwamba mdundo unarudi ulikotoka na haumaliziki upande wa kulia penye umeandika baa ya mwisho.

Venye mimi hufanya: darasa makundi matatu, kila kundi linaangalia pete yake tu. Naanza na pete moja ikicheza peke yake, kundi lake linapiga makofi mpaka limetulia. Naongeza ya pili. Wakishikilia zote tatu nazima sauti ya laptopu lakini picha inaendelea kuzunguka, na baadaye nafunika mwanga wa projekta na kitabu wao wakiendelea. Hapo ndio utajua nani ameshika na nani alikuwa anafuata picha.

Data si nyingi. Fungua ukiwa ofisini kwa waifai, jaribu sauti zote unazotaka ili zipakuliwe, alafu beba laptopu darasani bila kufunga tabu na bila kurifreshi. Kwangu inaendelea kucheza vizuri, ni kusave linki tu ndio inataka intaneti.

---

fundi_wa_luthuli

Mimi si mwalimu, nafunga spika makanisani na mashuleni, lakini hapo kwa kupiga makofi kuna kitu walimu wengi hawaambiwi. USITUMIE spika ya blututhi. Sauti ikipita blututhi inachelewa kidogo, kwa kusikiliza wimbo hutaona shida yoyote, lakini watoto wakiangalia picha kwa skrini na sauti inakuja nyuma ya picha hawatajua wafuate macho ama masikio, na wewe utafikiri ni wao hawajui kuhesabu. Nunua waya wa aux, huku Luthuli mtaa wa vifaa vya umeme unapata wa bei ya chini kabisa, hata mrefu wa mita tano ndio laptopu ikae kwa meza yako na spika ikae nyuma ya darasa.

Spika ya ndani ya projekta usiitegemee pia, ngoma kubwa haitasikika, utasikia tu ile tik tik ya juu. Kama shule iko na ile mashine ya paredi yenye mikisa (ya kuchanganya sauti), ingiza laptopu kwa tundu la laini, si la maiki, ukiingiza kwa maiki inakwaruza. Na spika iweke juu ya dawati, usiweke sakafuni. Watu 60 wakisimama mbele yake hakuna kitu wa nyuma atasikia.

---

kwaya_ni_uhai

Walimu nawasalimu. Nimefundisha kwaya za tamasha miaka mingi na sikatai hizi mashine, lakini kuna jambo lazima niliseme kwa sababu naliona kwa watoto wanaokuja kwangu.

Sauti zote za Song Maker zimekaa kwa ngazi ya piano. Nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, haikai hapo. Nyuzi zake nane fundi anazikaza kwa sikio lake na kwa sauti yake ya kuimba, orutu ndio kabisa, uzi mmoja, kidole kinateleza penye kinataka. Mtoto akizoea miraba muhula mzima, siku ya kwanza akisikia nyatiti anasema "mwalimu, hii iko nje ya tyuni". Nimesikia hayo maneno kwa masikio yangu, kutoka kwa mtoto ambaye babu yake ni mpigaji! Hilo liliniuma sana. Tamasha la Muziki la Kenya liko tangu 1927 na nyimbo za kiasili zimeshikiliwa na walimu kama sisi, sasa tusije tukafunga mlango huo kwa mkono wetu.

Na isukuti yenyewe, densi hiyo ya Waisukha na Waidakho UNESCO waliiweka 2014 kwa orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Ngoma ile inapigwa ikiwa imeshikwa kwapani, mwili wote unasonga, kuna pembe, kuna njuga za chuma. Makofi mbele ya skrini ni mwanzo tu. Nairobi hii haikosi mpigaji, uliza wazazi wa darasa lako tu, Kayole imejaa watu wa magharibi, utapata mtu ambaye Jumamosi anapiga kwa harusi na Jumatatu yuko tayari kukuja shule kwa nauli na chai.

Kitu kimoja ndani ya hiyo Chrome Music Lab nakipenda kweli, ile inaitwa Spectrogram. Unawasha maiki, unapiga ala mbele yake, sauti inachorwa kwa rangi. Mwambie mtoto apulize noti moja ndefu ya rekoda, ataona mistari michache imenyooka. Alafu piga uzi mmoja wa nyatiti kama umepata mpigaji, pamoja na ile pete ya kidole gumba cha mguu ikigonga mbao na njuga za gara mguuni. Skrini inajaa juu mpaka chini. Hapo mtoto anaona kwa macho kwamba ile "kelele" ni sehemu ya ala, imewekwa kwa makusudi, na mtengenezaji alijua anachofanya.

---

mwalimu_kayole

Asanteni sana wote. Mzee wa kwaya heshima yako, hilo la "iko nje ya tyuni" limenishika kwa sababu watoto wangu walisema hivyo hivyo kuhusu chivoti, ile filimbi ya kiasili, niliyobeba muhula uliopita na mimi nilijibu haraka haraka tukaendelea. Nitatumia hiyo Spectrogram, na mzazi wa kupiga ngoma tayari nimeanza kuuliza kwa grupu ya WhatsApp ya darasa.

Swali lingine. Nataka kurekodi makundi wakipiga, wajisikie, na wazazi pia wanapenda sana video. Naweza kutuma kwa hiyo grupu? Na kuna mwenzangu ananiambia nifungulie watoto BandLab, ile apu ya kutengeneza muziki, wakatengeneze nyimbo nyumbani kwa simu za wazazi.

---

mwl_wa_kompyuta

Hapo kwa video simama kidogo mwalimu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema data ya mtoto inataka idhini ya mzazi ama mlezi, na uso na sauti ya mtoto ni data. 2023 kuna shule moja hapa Nairobi ilipigwa faini ya zaidi ya milioni 4 kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila idhini ya wazazi, kwa hivyo si maneno tu. Tayarisha barua fupi ya idhini, kila mzazi asaini, mwalimu mkuu aweke nakala. Asiyesaini, mtoto wake anapiga makofi kama kawaida, ni kamera tu haimwelekei. Na kwa kujisikiliza darasani huhitaji video hata kidogo, rekodi sauti peke yake kwa simu, sikizeni, futa.

BandLab ni nzuri kweli lakini mwisho wa chini ni miaka 13, na Gredi ya 8 wengine hawajafika. Kuna ile ya shule ambayo mwalimu ndiye anafungua darasa na kualika watoto, lakini kwa hali umeeleza mimi ningeacha kwanza. Utapoteza vipindi vizima kwa nywila zilizosahaulika, na watoto wasio na simu nyumbani watabaki nje ya somo.

Za bila data, weka mbili kwa hiyo laptopu ukiwa kwa waifai. MuseScore ya kuandika nota, na kama mashine ni ya zamani chukua toleo la 3 badala ya 4, ni jepesi zaidi. Herufi za solfa unaziandika chini ya nota mahali pa maneno ya wimbo, watoto waliozoea d r m wanasoma bila kushtuka, na unaweza kupunguza tempo au kushusha kii kwa sekunde chache. Ya pili ni Audacity, ya kurekodi na kuhariri sauti. Chukua rekodi ya isukuti, ipunguze kasi bila sauti kuwa nzito au nyembamba, mtoto asikie ngoma ndogo inaingia wapi hasa. Rekodi za simu nyingi ni m4a na Audacity inakataa kuzifungua mpaka uweke programu ya ziada inaitwa FFmpeg, weka siku hiyo hiyo, usingoje ukiwa mbele ya watoto.

Na Song Maker pia inakuruhusu kupakua kazi kama MIDI (faili ya maagizo ya noti), hiyo unaifungua ndani ya MuseScore na inageuka nota. Mtoto aliyechora miraba anaona wimbo wake umeandikwa kwa mistari mitano. Nimeona watoto wasiopenda nota kabisa wakiomba nakala ya karatasi wapeleke nyumbani.

---

mwalimu_kayole

Nimerudi na ripoti. Nimenunua waya, nikafungua ile duara ofisini nikabeba laptopu wazi mkononi mpaka darasani kama trei ya mayai, tabu haikufunga. Kundi la ngoma kubwa na la katikati walishika mapema kuliko nilivyotarajia. Kuna msichana huwa hasemi kitu darasani, alisimama mwenyewe akaenda mbele akaonyesha kwa kidole penye pete mbili hazikutani, akasema "hapa ndio tunaibiwa". Darasa lote likageuka kumwangalia, na kutoka hapo wakaacha kuvutana. Nilifurahi mpaka nikasahau kuandika kwa kitabu cha kazi.

Shida imebaki kwa kundi la ngoma ndogo. Na picha wako sawa, nikifunika tu wanaanza kukimbia, wanabeba darasa lote. Nimepunguza tempo lakini bado.

---

mama_rekoda

Hiyo ya msichana imenifurahisha sana mwalimu, huyo mpe uongozi wa kundi.

Kwa wanaokimbia, ondoa makofi kwanza. Wapige kwa mdomo, silabi mbili tu, moja ya pigo zito na moja ya pigo jepesi, na huku miguu inatembea taratibu papo hapo kwa pigo la ngoma kubwa. Mguu ukiwa umeshika, mdomo hauwezi kukimbia mbali. Wakishatulia rudisha makofi, na ile picha usiirudishe mpaka waombe. Alafu uwagawe upya, hilo kundi la ngoma ndogo lisikae pamoja upande mmoja, changanya kila mmoja asimame karibu na mtu wa ngoma kubwa.

---

kwaya_ni_uhai

Na huyo mzazi mpigaji akipatikana, mwombe apige ngoma ndogo yeye mwenyewe katikati ya hilo kundi, bila kuwafundisha chochote kwa maneno. Uniambie siku gani anakuja, mimi niko Umoja, nitabeba ngoma zangu mbili muwe nazo tatu kamili.

---

mwalimu_kayole

Mzee asante sana. Mzazi mmoja amekubali Alhamisi kipindi cha saa nane. Nakutumia ujumbe wa ndani sasa hivi.