Mpwa wangu anapenda kuchora na kompyuta: je, Swahilipot itamfaa?

Mjomba wa Likoni
Assalaam aleykum, ndugu zangu. Nina mpwa wangu wa kike aliyemaliza kidato cha nne, ambaye hakai bila penseli mkononi, na siku hizi huchora hata kwa simu na anasema anataka kujifunza kutengeneza programu. Nimesikia kwamba Swahilipot Hub, kituo cha vijana pale kando ya Fort Jesus, Mombasa, huunganisha sanaa na teknolojia, lakini kila nimwulizaye hunisimulia matamasha tu. Feri ya Likoni ni bure kwa mwenda kwa miguu, ila tuktuk na chakula cha mchana si bure. Je, shughuli za pale ni za kujifunza, au ni za kujumuika na kupiga picha?

Fundi Mitambo
Waaleykum salaam, mjomba. Kituo kilianzishwa mwaka 2016 kwa ajili ya vijana wa Pwani, na mimi nilifanya mafunzo yangu ya vitendo hapo nilipokuwa chuoni, upande wa kompyuta. Jioni moja kulikuwa na usomaji wa mashairi kwenye ukumbi wa wazi unaotazama bahari, nami nikapewa kazi ya kushika nyaya, kazi ambayo, nakiri, niliiona ya kunishusha. Upepo ulivuma ndani ya maikrofoni hata sauti ya malenga ikamezwa, mpaka dada mmoja alipokunja mtandio akauzungushia kichwa cha maikrofoni. Kesho yake nilikaa kwenye kompyuta nikijifunza namna ya kuiondoa ngurumo ile katika rekodi, na hapo ndipo nilipofahamu kwa nini washairi na watu wa programu wamewekwa mahali pamoja.

Bint Mji wa Kale
Nakubaliana na Fundi, lakini kwa sharti. Mpwa wako asianze na siku ya shughuli kubwa kama Pwani Innovation Week, yaani wiki ya ubunifu ya Pwani, kwa kuwa siku hiyo kila mtu ana mgeni wa kumhudumia, na msichana mgeni atarudi na kumbukumbu ya umati tu. Aende siku ya kawaida, aulize ni mafunzo gani yanayopokea watu wakati huo, na aonyeshe michoro yake. Akiona haya ya kusema mbele za watu, kuna pia Swahilipot FM, ambako mtu anaweza kujua jinsi kipindi cha redio kinavyoandaliwa. Kuhusu usalama, nimekwenda mara nyingi nikiwa peke yangu bila tatizo. Linalonisumbua ni foleni ya feri jioni, basi atoke mapema.

Fundi Mitambo
Naongeza jambo moja: asisubiri kufundishwa kila kitu. Walionufaika enzi zetu ni wale waliorudi wiki baada ya wiki wakiwa na kazi yao wenyewe, hata ikiwa ni bango la sherehe ya mtaani.

Mjomba wa Likoni
Ahsanteni sana. Bango analo tayari, alilolichorea duka la mama yake, ingawa mama mwenyewe analalamika kwamba samaki amekuwa mkubwa kuliko jina la duka. Jumanne tutavuka pamoja naye asubuhi, abebe bango na simu yake, mimi nitangoja nje kwenye kahawa.