Mpwa wangu anakaribia kutoka gereza la jimbo California: vyeti vyake vina uzito gani?

Mjomba wa Sacramento aliuliza:

Ndugu zangu, salamu. Naomba mawazo ya wale mnaoishi California ambao mmewahi kuwa na ndugu katika magereza ya jimbo. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anatumikia kifungo cha miaka sita na amebakiza takribani miezi kumi na sita. Aliingia nchi hii mwaka 2010 akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja pamoja na mama yake, wakitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma, na alikamatwa mwaka 2021 akiwa anaishi na rafiki zake Fresno, mbali na mama yake ambaye yuko San Diego.

Kila baada ya mwezi au miwili hututumia barua yenye nakala ya cheti: kuzuia hasira, kuelewa machungu ya aliyedhulumiwa, misingi ya ufundi bomba, hata malezi ya watoto, ingawa hana mtoto. Dada amevibandika vyote ukutani sebuleni, juu ya televisheni, na mgeni akiingia husomewa kimoja kimoja. Mimi nafurahi kama yeye, lakini nashindwa kuelewa vina maana gani mbele ya serikali. Sisi tuliokulia kwetu tunalijua gereza kama mahali pa kufungiwa na kulima shamba la bwana jela, si mahali pa kutunukiwa vyeti. Je, vinapunguza siku zake? Je, mwajiri atavitazama? Na sisi tulio nje tufanye nini katika miezi hii iliyobaki?

Mwalimu wa Jioni alijibu:

Mjomba, pole kwa safari ndefu ya familia yako. Nilijitolea kwa miaka minne kufundisha kusoma na hesabu katika gereza moja la jimbo hili. Darasa letu lilikuwa stoo ya zamani isiyo na dirisha, na penseli fupi tulizogawa zilihesabiwa mwanzo wa kipindi na kuhesabiwa tena mwishoni kabla mtu yeyote hajaruhusiwa kuinuka.

Ili uelewe uzito wa vyeti, inafaa kujua vilikotoka. Mwaka 2006 magereza ya California yalikuwa na watu zaidi ya 170,000, wengine wakilala kwenye vitanda vya ghorofa tatu ndani ya kumbi za michezo, na mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Marekani ilithibitisha amri ya kupunguza idadi hiyo hadi asilimia 137.5 ya uwezo wa majengo. Neno «urekebishaji» lilikuwa limekwisha kuingizwa katika jina la idara ya magereza tangu 2005, lakini kwa maoni yangu ni msongamano ule, kuliko huruma, uliolipa neno hilo nguvu. Mwaka 2016 wapiga kura walipitisha Pendekezo la 57, lililoipa idara mamlaka mapana zaidi ya kumpunguzia mfungwa siku kwa ajili ya masomo na mwenendo.

Sasa, vyeti havilingani. Vikundi vya kujirekebisha, kama hicho cha hasira, huhesabiwa kwa saa: saa 52 za kuhudhuria humpunguzia mfungwa siku 10, na kwa mwaka mmoja hazizidi siku 40. Mafunzo ya ufundi na masomo yenye hatua zinazopimwa yana hesabu yake nyingine. Kubwa kuliko zote kwa kijana ambaye hakumaliza sekondari ni mtihani wa GED, unaohesabiwa sawa na cheti cha kumaliza sekondari, ambao ukifaulu unakata siku 180 kwa mkupuo. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mpwa wako lingekuwa: umemaliza sekondari? Ikiwa hajamaliza, aweke kando kozi ya nane ya hasira na aombe darasa la GED leo.

La pili, cheti kilichopo ukutani San Diego si lazima kiwe kimeingia katika jalada lake. Nimeona mwanafunzi aliyehudhuria mwaka mzima akakosa siku zake kwa sababu karatasi ya mahudhurio ilipotea kati ya ofisi mbili, na ilimchukua miezi mitano ya kuandika malalamiko hadi zikarudishwa. Mwambie akutane na mshauri wake wa gereza, aombe karatasi inayoonyesha hesabu ya kifungo chake, kisha aipitie mstari kwa mstari akiwa na vyeti vyake mkononi. Asisubiri mwezi wa mwisho.

Mkazi wa Oakland alijibu:

Sina nia ya kumvunja moyo mtu, lakini tusipambe sana. Orodha za kusubiri madarasa ni ndefu. Wafungwa wakifungiwa vyumbani kwa sababu ya ugomvi, masomo husimama kwa wiki nzima. Na mfungwa akihamishwa gereza katikati ya kozi, mara nyingi huanza upya. Gereza la San Quentin limebadilishwa jina tangu 2023 na kuitwa kituo cha urekebishaji, kwa kuiga mfano wa Norway. Ni kweli kwamba lina chuo kilichopata ithibati mwaka 2022, na lina mafunzo ya kuandika programu za kompyuta yaliyoanza 2014. Lakini hilo liko karibu na San Francisco, ambako watu wa kujitolea hawapungui. Yapo magereza jangwani ambako mwalimu wa kujitolea lazima aendeshe gari saa tatu kwenda na tatu kurudi. Huko kinachoitwa programu kwa sehemu kubwa ni kijitabu cha kujazwa mtu akiwa peke yake kitandani.

Mwalimu wa Jioni alijibu:

Ndugu wa Oakland, hayo ya jangwani ni kweli na sikatai. Naongeza moja tu: utafiti wa taasisi ya RAND wa mwaka 2013, uliokusanya tafiti nyingi za nchi nzima, ulikuta kwamba wafungwa walioshiriki masomo walikuwa na uwezekano mdogo wa kurudi gerezani, kwa asilimia 43, kuliko wale ambao hawakushiriki. Pengine wanaojiandikisha ni wale waliokwisha kuamua kubadilika, na sehemu ya tofauti hiyo inatoka hapo. Hata hivyo kijana huyu ameonyesha kwamba ni mmoja wao.

Fundi Bomba alijibu:

Mimi nilikaa ndani miaka tisa na sasa ni mwaka wa tano niko nje, nafanya kazi ya mabomba, kwa hiyo nitasema yale niliyoyapitia. Mwajiri wangu hakuniomba hata cheti kimoja. Alinipeleka chini ya sinki, akanipa spana, akanitazama mikono. Cheti cha ufundi bomba kilinisaidia kwa sababu mikono ilikuwa imezoea, na hilo la malezi ya watoto msilicheke, maana lilinifundisha kuongea na mama yangu kwenye simu bila kukata.

Mjomba, kazi yenu kubwa ninyi mlio nje ni wilaya atakayopelekwa akitoka. Sheria ya jimbo inasema mfungwa anayetoka chini ya uangalizi hurudishwa katika wilaya aliyokuwa akiishi kihalali kabla ya kufungwa. Kwa mpwa wako hiyo inaweza kuwa Fresno, kwa rafiki wale wale, huku mama na chumba vikiwa San Diego. Tena mwenye masharti ya parole, yaani huo uangalizi wa baada ya kutoka, haruhusiwi kwenda zaidi ya maili 50 kutoka anakoishi bila ruhusa ya afisa wake, kwa hiyo hata kwenda kumsalimu mama ingekuwa ni maombi na karatasi. Sheria hiyo hiyo inaruhusu apelekwe wilaya nyingine ikiwa kuna sababu nzuri, na miongoni mwa sababu zinazotajwa ni ahadi ya kazi iliyothibitishwa, nafasi ya masomo, na familia ambayo ameendelea kuwa na uhusiano wa karibu nayo. Barua zenu, safari zenu za kumtembelea na simu mnazopigiana ndizo ushahidi wa uhusiano huo, basi msizitupe barua zake na andikeni tarehe mlizokwenda. Simu kutoka magereza ya jimbo ni bure tangu Januari 2023, kwa hiyo hakuna kisingizio. Mama yake aandike barua kwa mshauri wa gereza mapema, aeleze anwani, chumba atakacholala na nani anaishi humo.

Siku yenyewe ya kutoka ni ndogo kuliko mnavyoifikiria. Mimi nilipewa kadi ya benki yenye dola 200, kiasi ambacho kilipangwa tangu miaka ya sabini, na kwa kuwa nyumbani hawakujua kwamba wangeweza kunitumia nguo, gereza lilinikata humo humo gharama ya suruali ya kijivu na nauli ya basi. Nilifika stendi nikiwa na mfuko wa plastiki wenye barua, na nikasimama mbele ya mashine ya tiketi kwa muda mrefu kwa sababu sikuwahi kuona mashine isiyo na vitufe. Tumeni nguo. Nendeni mkampokee langoni. Hakikisheni kwamba kitambulisho cha jimbo na kadi yake ya hifadhi ya jamii vimeombwa akiwa bado ndani, na ombi la Medi-Cal, bima ya afya ya jimbo, pia, maana bila hivyo wiki zake za mwanzo zitaishia kwenye foleni.

Kuhusu waajiri, tangu 2018 mwajiri wa California mwenye wafanyakazi watano au zaidi haruhusiwi kuuliza habari za hukumu mpaka awe ameahidi kazi kwanza. Wapo wanaouliza hivyo hivyo. Asidanganye, lakini ajue haki yake.

Binti Nyarugusu alijibu:

Shikamoo mjomba. Mimi nami nilipita kambi ile, na kwa sasa ni mkalimani wa Kiswahili katika ofisi za wanasheria. Si mwanasheria, na haya niyasemayo lazima yathibitishwe na mwanasheria wa uhamiaji. Nimesoma majibu yote, ni mazuri, ila kuna neno moja ambalo halijatajwa na ambalo laweza kufuta mengine yote: je, mpwa wako ni raia?

Nauliza kwa sababu watu wetu wengi huamini kwamba aliyeingia kama mkimbizi, akapata kadi ya ukaazi wa kudumu, hawezi kurudishwa. Si hivyo. Makosa mengi ya jinai humfanya mwenye kadi hiyo aweze kuondolewa nchini, na sheria ya California ya 2017 inayowazuia polisi na jela za wilaya kushirikiana na maafisa wa uhamiaji haiyagusi magereza ya jimbo. Nimetafsiri kwa mama mmoja aliyepika wali na samaki wa kukaanga, akaendesha gari usiku kucha kwenda kumpokea mwanawe, akafika langoni saa mbili asubuhi na kuambiwa kwamba kijana amekwisha kuchukuliwa na gari la uhamiaji tangu saa kumi na mbili. Ule wali aliniletea mimi, kwa kuwa hakujua aufanyie nini.

Kwa hiyo kabla ya GED na kabla ya barua ya wilaya, mpwa wako amuulize mshauri wake kama katika jalada kuna hati ya uhamiaji ya kumshikilia. Halafu mjomba, mwulize dada yako swali hili: aliapa uraia tarehe gani? Chini ya sheria ya shirikisho iliyoanza kutumika Februari 2001, mtoto mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu, aliye chini ya miaka 18, anayeishi hapa chini ya malezi halali ya mzazi wake, huwa raia palepale mzazi huyo anapokuwa raia. Hahitaji kuapa wala kujaza fomu ili awe raia, anakuwa tayari. Tatizo ni kwamba wengi hawajui, na serikali haiwatumii taarifa, hivyo kijana anaingia gerezani akiwa ameandikwa «mgeni» ilhali ni raia wa miaka mingi.

Mjomba wa Sacramento alijibu:

Marahaba, binti yangu. Nimesoma ujumbe wako mara tatu, kisha nikampigia dada simu usiku ule ule. Alisema aliapa «mwaka ule wa mvua nyingi», nikamwomba atafute cheti chenyewe. Alikitoa chini ya godoro, ndani ya bahasha iliyokuwa na kadi zetu za chakula za kambini, akanisomea tarehe: Machi 2017. Kijana amezaliwa Agosti 1999. Alikuwa na miaka kumi na saba na miezi saba, yuko kidato cha pili kutoka mwisho pale San Diego, analala chumba cha nyuma kwa mama yake, na kadi yake ya ukaazi anayo tangu 2011.

Sekondari hakumaliza, Mwalimu. Nimemwandikia leo kuhusu GED.

Binti Nyarugusu alijibu:

Alhamdulillahi, mjomba. Kwa maelezo hayo kuna matumaini makubwa, lakini matumaini hayasomeki na afisa. Kusanyeni nakala ya cheti cha uraia cha mama, cheti cha kuzaliwa au hati ya ukimbizi inayoonyesha kwamba ni mwanawe, kadi ya ukaazi ya kijana pande zote mbili, na barua ya shule yenye anwani ya nyumbani ya mwaka 2017. Mwanasheria atawaeleza kama ni bora kuomba pasipoti au kujaza fomu namba N-600 ya cheti cha uraia. Fomu hiyo huchukua miezi mingi kujibiwa, kwa hiyo kumi na sita si mingi. Tumeni nakala, msitume hati za asili, na bahasha ile isirudi chini ya godoro.