Maabara za udongo, mnatuandikia "K 0.18 – INATOSHA" halafu mnachukua hela yetu?

Wakuu, nimefura na naomba mnivumilie.

Shamba letu la migomba liko Bukoba vijijini. Majani ya chini yanageuka manjano ya chungwa kuanzia ncha, yanajikunja, kisha uti wake unavunjika na jani linaning'inia limekauka. Mikungu imekuwa myembamba, vidole kama vya mtoto. Yeyote aliyekulia kwenye migomba anaanza kuhisi upungufu wa potasiamu, ile inayoandikwa K kwenye karatasi za maabara. Tukalipa maabara ya binafsi ipime.

Kijana wao alikuja na koleo, akachimba mahali pamoja tu, nyuma ya jiko, pale pale tunapomwaga majivu! Majivu yamejaa potasiamu. Mama akamwambia, "Mwanangu, huko chini ndiko migomba inakoumwa." Akajibu udongo ni ule ule. Hakuzunguka shamba, hakuchota sehemu kumi na tano au ishirini kwa kina cha sentimita 20, hakuchanganya kwenye ndoo safi. Alifunga mfuko akaondoka.

Jibu lilikuja kwenye karatasi yenye muhuri: "K 0.18. Inatosha. Weka DAP na urea."

0.18 ya nini? Kama ni cmol kwa kilo (kizio cha maabara cha kuhesabu kirutubisho), hiyo ni miligramu kama 70 tu kwa kilo ya udongo. Kwa migomba ni kidogo mno, na ikiwa ndivyo ilivyo kwenye majivu, huko chini kukoje? Kama ni asilimia, ni miligramu 1,800, maana yake wamepima potasiamu yote, pamoja na ile iliyofungwa ndani ya madini ambayo mizizi haiipati msimu huu wala ujao. Mmea unakula ile iliyo kwenye maji ya udongo na ile iliyoshikwa juu juu na chembe za mfinyanzi na mboji. Ndiyo maana udongo hutikiswa kwenye amoniamu asetati ya pH 7, au dawa ya Mehlich 3, vimiminika vya kutoa potasiamu hiyo tu, ukachujwa, ndipo ukasomwa kwenye mashine. Njia mbili hizo hazitoi namba zinazofanana daima, kwa hiyo bila jina la njia siwezi hata kulinganisha na jedwali lolote.

Nilipopiga simu kuuliza, dada wa mapokezi akasema, "Mtaalamu ameshaandika inatosha, kaka."

Na huo ushauri! Mbolea ya DAP ni 18-46-0, yaani naitrojeni 18, fosfati 46, potasiamu sifuri. Urea ni naitrojeni tupu. Hakuna hata chembe ya potasiamu humo. Kila mkungu unaopakiwa kwenye lori unaondoka na potasiamu ya shamba. Zamani maganda yalirudi shinani, leo yanaozea majalala ya mjini. Mvua za huku ziwani nazo zinaosha iliyobaki. Mkulima akitii karatasi ile, ananunua mifuko msimu baada ya msimu na shamba linazidi kufa.

Nataka sampuli ichukuliwe upya bila malipo, na karatasi mpya iandikwe njia, kipimo na kina. Wasipofanya hivyo wanirudishie hela yangu.

Wenye majibu ya maabara nyingine, wekeni picha hapa, mfiche majina. Nataka kuona ni ngapi zinataja njia waliyotumia.